Nani Amekutuma? Swali Ambalo Yesu Hakuliuliza

Katika mikesha ya maombi ya wanafunzi kuna swali ambalo limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeshtuka tena likiulizwa. Mwenzetu ameanguka, anatetemeka, macho yamemgeuka. Kiongozi wa maombi anamsogezea maikrofoni mdomoni na kumuuliza pepo aliye ndani yake: nani amekutuma? Kimya kidogo, halafu linatoka jina. Mara nyingi ni jina la mwanamke: bibi, shangazi, mke mdogo wa baba, jirani mjane asiye na mtoto. Ukumbi unapiga makofi na vigelegele. Kabla ya asubuhi jina hilo limeshasafiri kwa simu mpaka kijijini.

Ninaandika kulipinga swali hilo. Nasema mapema ili nisieleweke vibaya kwamba mimi ni Mkristo, nimebatizwa, na naimba kwaya. Sisemi kwamba malaika na pepo ni hadithi za kutishia watoto. Nasema kwamba swali hili halimo katika Injili, kwamba linakanusha mamlaka ya Kristo huku likijidai kuyatangaza, na kwamba linafukuza vikongwe majumbani mwao na wagonjwa kwenye zahanati. Anayeona nakosea anijibu kwa Maandiko, asinijibu kwa kusema nina roho ya upinzani.

Tuanze na Marko, kwa sababu ndiye mwenye haraka kuliko wainjili wote. Katika sura ya kwanza Yesu yumo sinagogi la Kapernaumu, na mtu mwenye pepo mchafu anapaza sauti, anamtaja Yesu kwa jina na kwa cheo chake kitakatifu. Anachosema ni kweli tupu. Hata hivyo Yesu anamfunga mdomo na kumwamuru atoke. Basi. Amri yenyewe ni ya maneno machache, unaweza kuyahesabu kwa vidole. Jioni ileile, mstari wa 34, anaponya wengi na hawaachi pepo waseme, na Marko anatoa sababu ambayo ingetustahili tuisome mara mbili: kwa kuwa walimjua. Luka 4:41 anasema hivyo hivyo. Yaani pepo alinyamazishwa hata pale alipokuwa anasema kweli. Sisi tunamkabidhi maikrofoni pale tusipojua kama anasema kweli au la.

Paulo naye alifuata njia hiyohiyo. Matendo 16 inasimulia kijakazi wa Filipi aliyekuwa na pepo wa uaguzi, aliyewafuata mitume siku nyingi akiwatangaza kuwa ni watumishi wa Mungu. Ni tangazo zuri la bure! Mhubiri wa siku hizi angemweka mstari wa mbele na kamera. Paulo alisikitika, akageuka, akamtoa pepo kwa jina la Yesu, na hapo ndipo mabwana wa yule binti walipowakamata Paulo na Sila na kuwaburuta mpaka sokoni mbele ya wakuu, kwa kuwa tumaini lao la kupata faida lilikuwa limeondoka. Mwandishi wa Matendo alijua uchumi. Alijua kwamba pepo anayesema ana mwenye kumla faida, na kwamba akinyamaza kuna mtu anapata hasara.

Najua hoja nitakayotupiwa. Marko 5, Wagerasi, yule mtu aliyekaa makaburini: je, Yesu hakuuliza? Aliuliza, ndiyo. Aliuliza jina, mara moja, akajibiwa Legioni, na mazungumzo yaliyofuata yalikuwa pepo wakimsihi yeye. Hakuwauliza wametoka wapi, kwa nani, wala kwa sababu gani. Na jina lenyewe halikuwa jina la mtu wa mji ule, lilikuwa jina la kikosi cha jeshi la Kirumi. Hakuna mwanamke wa Gerasi aliyelala nje usiku ule kwa sababu ya jibu lile. Waliopata hasara ni wenye nguruwe, na nguruwe walikuwa kama elfu mbili.

Kisha kuna Marko 9, mlango ambao nadhani viongozi wetu wa maombi wameuruka. Baba analeta mwanawe anayeangushwa chini, anatoa povu, anasaga meno. Yesu anamuuliza baba swali moja kuhusu ugonjwa: amepatwa na hili tangu lini? Ni swali la daktari. Muuguzi wa zahanati yoyote huku kwetu anaanza na hilohilo. Hakuuliza, katika ukoo wenu kuna nani mwenye wivu. Na baada ya pepo kutoka, mtoto akawa kama maiti, watu wakasema amekufa; Yesu akamshika mkono, akamwinua. Hakumwacha sakafuni mpaka picha zipigwe.

Mwingine atanitajia Sauli na ile roho mbaya ya 1 Samweli 16. Vizuri. Huko Biblia yenyewe inasema roho ile ilitoka wapi, na jibu lake linawatia wanateolojia jasho mpaka leo, lakini hakuna shangazi yeyote wa kabila la Benyamini aliyeshtakiwa. Aliletwa Daudi na kinubi.

Sasa, sisi ni wanafunzi wa Kiswahili, na nashangaa kwamba tunalitamka swali hili kila wiki bila kulichunguza kama tunavyochunguza sentensi nyingine. Kitenzi chake ni tuma. Kutokana na mzizi huo tunapata mtume, na ndugu zake mtumwa na mtumishi. Malaika ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, nalo asili yake ni mjumbe, yaani aliyetumwa; Kigiriki cha Agano Jipya nacho kinasema hivyohivyo, angelos ni mjumbe. Waraka kwa Waebrania, sura ya kwanza, unawaita malaika roho watumikao, wanaotumwa kuwahudumia watakaourithi wokovu. Katika imani ya Kikristo, basi, uwezo wa kutuma roho ni wa Mungu. Petro anaongeza, katika waraka wake wa kwanza 3:22, kwamba malaika na enzi na nguvu wote wametiishwa chini ya Kristo. Ukiuliza nani amekutuma na ukategemea jibu liwe jina la nyanya mmoja wa Kitgum, umemkabidhi nyanya huyo cheo ambacho Petro alikiweka mkono wa kuume wa Mungu. Umemfanya mama mkongwe, ambaye hata kuni anabebewa, kuwa amiri wa majeshi ya angani. Halafu unasema unamtukuza Yesu.

Lipo pia neno Ibilisi. Limekuja kwetu kutoka Kiarabu, na wataalamu wengi wanalihusisha na Kigiriki diabolos, maana yake msingiziaji. Shetani kwa Kiebrania ni mpinzani, yule anayesimama kukushtaki. Ufunuo 12:10 unamwita moja kwa moja mshitaki wa ndugu, na unasema ametupwa chini. Kazi yake, kwa jina lake lenyewe, ni kusingizia na kushtaki. Nawauliza wenzangu: katika ukumbi ule wa mkesha, jina la mwanamke asiyekuwapo linapotangazwa kwenye spika naye hana wa kumtetea, ni nani anayefanya kazi ya nani?

Tuseme hata tunakubali kwamba anayesema kupitia mdomo wa mgonjwa ni pepo kweli. Ni shahidi wa aina gani? Yohana 8:44 Yesu anasema Ibilisi ni mwongo na baba wa uongo. Sheria ya Musa, ambayo wahubiri wetu huipenda sana inapowaamuru kuwachukia wachawi, ndiyo hiyohiyo inayodai katika Kumbukumbu la Torati 19 mashahidi wawili au watatu kabla mtu hajahukumiwa, na inaamuru kwamba shahidi wa uongo atendewe yale aliyokusudia kumtendea ndugu yake. Sisi tunahukumu kwa shahidi mmoja, asiyeonekana, ambaye Bwana wetu mwenyewe alishatueleza tabia yake. Hakuna baraza la kijiji, hata la wapagani, ambalo lingekubali ushahidi wa namna hiyo.

Hapa watu wa pwani wananikumbusha jambo. Kupunga pepo ni desturi ya siku nyingi katika miji ya Waswahili, na waliosoma fasihi na utamaduni wa pwani wanajua inavyokwenda: mganga anazungumza na pepo, anamuuliza jina na kabila, anamuuliza anataka nini, ubani, marashi, kitambaa, mbuzi, na wanapatana. Mgonjwa anaitwa kiti cha pepo. Wahubiri wetu wanaikemea desturi hiyo kila Jumapili kuwa ni ushetani. Lakini ukiondoa ngoma na kuweka kinanda, ukiondoa ubani na kuweka mafuta ya upako yanayouzwa mlangoni, ni kitu gani kilichobadilika? Mahojiano ni yaleyale. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba mganga wa kilingeni anakiri kuwa anapatana na pepo, na hajiiti mwenye mamlaka juu yake.

Mamlaka. Hilo ndilo neno linalopigiwa kelele, na ndilo lisiloeleweka. Paulo, katika Wakolosai 2:15, anasema Kristo alizivua enzi na mamlaka silaha zao, akazitembeza hadharani kama mateka wa vita, na alifanya hivyo msalabani. Biblia yetu ya Kiswahili ya 1952 imetumia hapo neno zuri sana, mkogo. Kilichofanywa mkogo ni zile enzi. Katika mikesha yetu anayefanywa mkogo ni mgonjwa: sketi imepanda, kilemba kimeanguka, simu ishirini zimeinuliwa juu. Na katika sura ya kwanza ya waraka huohuo, mstari wa 16, wafasiri waliandika usultani miongoni mwa vitu vilivyoumbwa kwa ajili ya Kristo. Mtu wa Unguja wa miaka ile aliposoma usultani hakuwaza kivuli kinachopita dirishani. Alimwaza mtawala mwenye jumba, kodi na askari. Nadhani wafasiri walikuwa karibu na Paulo kuliko sisi. Enzi na mamlaka zinazowaonea watu haziishi tu kwenye tumbo la msichana wa mwaka wa kwanza. Huishi pia penye fedha na bunduki, ambapo mikesha yetu haifiki.

Mimi natoka Uacholi, kaskazini mwa Uganda, na labda ndiyo maana siwezi kuchukua jambo hili kwa mzaha. Kwetu mjumbe huitwa lakwena. Mwaka 1986 mwanamke mmoja, Alice Auma, alisema ameingiwa na roho aitwaye Lakwena, na watu wakamwita kwa jina la roho huyo. Alikusanya maelfu ya vijana. Walipakwa mafuta ya moo yaa, wakaambiwa risasi haitawapata walio safi. Anayekufa, basi, alikuwa na dhambi. Waliimba nyimbo za Kikristo wakielekea kwenye bunduki, wakafika mpaka karibu na Jinja mwishoni mwa mwaka 1987, wakasambaratishwa huko. Baada yake alikuja Joseph Kony, naye akisema anaongozwa na roho, naye akizitaja Amri Kumi, na jeshi lake likawateka watoto kwa maelfu wakawe askari na wake wa makamanda. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata mwaka 2005. Sitaki kusema kwamba kila anayeombea wagonjwa ni Kony. Nasema kwamba sisi tulishaona mahali ambapo barabara hii inaweza kufika, pale ambapo mtu mmoja tu ndiye anayesikia roho zinasema nini na wengine wote kazi yao ni kutii. Katika 1 Wathesalonike 5 kuna agizo la kujaribu mambo yote. Haikusemwa mjaribu yote isipokuwa ya kiongozi wa maombi.

Ukaja pia ugonjwa wa kutingisha kichwa. Ulienea katika wilaya za Kitgum, Pader na Lamwo, ukiwashika zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Mtoto anapewa chakula, kichwa kinaanza kuinama na kuinuka chenyewe, macho yanakuwa kama ya aliyelala. Wengine huanguka motoni au majini. Ukisoma tena Marko 9:22 utaona baba yule alimwambia Yesu kitu hichohicho, moto na maji. Kwetu wengi walisema ni cen, roho za waliouawa vitani bila kuzikwa kwa heshima. Sikuwalaumu, maana waliouawa walikuwapo, na mifupa ilikuwapo. Lakini uchunguzi umeuhusisha ugonjwa huo na minyoo inayoenezwa na usubi, wale inzi wadogo weusi wa kwenye mito yenye kasi. Serikali ilifungua vituo vya matibabu mwaka 2012, mito ikanyunyiziwa dawa, watu wakapewa ivamektini, na wagonjwa wapya wakapungua sana. Waliokuwa wameshaugua walipewa vidonge vya kifafa. Vidonge hivyo haviondoi kila kitu, ila mtoto anayevimeza kila siku haanguki ovyo ovyo motoni.

Binti wa shangazi yangu alikuwa akivimeza. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, anaishi na mama yake mzaa baba, ambaye ndiye aliyekuwa akimtembeza kilomita tisa kwenda kuvichukua. Likaja kundi la maombi, silitaji jina. Wakamkalisha mtoto mbele, wakamuuliza pepo nani amemtuma. Mtoto alikuwa amefunga siku mbili. Hakuwa na watu wengi maishani mwake wa kuwataja, akamtaja aliye karibu. Wakasema vidonge ni agano na mchawi, kwa kuwa vilikuwa vikitolewa na mkono wa bibi, wakavitupa chooni. Bibi alihamishwa akakae kwa kaka yake ng'ambo ya mto Aswa. Hakukuwa tena na wa kutembea zile kilomita tisa. Siku ya kumi na moja mtoto aliangukia mafiga. Yu hai, mkono wa kushoto haunyooki.

Huyo ndiye mtoto ambaye kwa Kiswahili sanifu unaweza kumwita malaika, maana kamusi zetu zinalipa neno hilo maana ya mtoto mdogo asiye na dhambi, na hata ya vile vinyweleo laini vya mwilini. Lugha ilimwona malaika. Na Mathayo 18:10 Yesu anaonya tusiwadharau wadogo hawa, kwa kuwa malaika wao huko mbinguni wanauona uso wa Baba siku zote. Kati ya mafundisho yote kuhusu malaika, hilo ndilo silisikii likihubiriwa kwenye mikesha.

Wenzetu wa Kongo wamelipia swali hili kwa bei kubwa zaidi. Kinshasa kuna watoto wengi waishio mitaani kwa sababu mchungaji au jamaa aliwaita wachawi, na bunge lao liliona ni lazima kuliingiza jambo hilo katika sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009, ambayo inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Nchi iliyokuwa na vita na njaa ilikaa ikatunga kifungu kwa ajili hiyo. Si jambo dogo.

Nina neno pia kwa wahadhiri wetu, kwa heshima zote. Wengi wenu mkisikia habari hizi mnacheka, mnasema ni ushamba, usomi utauondoa. Usomi haujauondoa, mikesha ninayoisema imo ndani ya chuo, na anayeshika maikrofoni yuko mwaka wa tatu na alama zake ni nzuri kuliko zangu. Mnapocheka mnamwacha mwanafunzi aliye na hofu ya kweli na mtu mmoja tu wa kumwendea. Hofu haiondoki kwa kuambiwa haipo. Paulo hakuwaambia Waefeso kwamba falme na mamlaka ni upuuzi, aliwaambia vita vyao si juu ya damu na nyama, sura ya 6 mstari wa 12. Chukueni sentensi hiyo mkaifundishe kwa uzito wake: bibi ni damu na nyama. Shangazi ni damu na nyama. Mstari huohuo unaonukuliwa kuanzisha vita dhidi yao ndio unaokataza vita hivyo.

Hata sarufi imeshaanza kushuhudia. Zamani tulisema pepo mchafu, pepo wachafu. Sasa ni mapepo, na jipepo, na pepo *la* kufeli mitihani, *la* kuchelewa kuolewa, *la* kukosa ada. Tumempeleka Shetani kwenye ngeli ya ukubwa, tena kwa hiari yetu, na kila Ijumaa anaongezwa kimo. Mtu aliyesoma mara moja tu katika muhula anafeli, na anayetafutwa ni nani alimtuma.

Jumuiya yetu ya wanafunzi ina fomu ya maombi, ukurasa mmoja, hujazwa kabla ya mkesha. Inauliza jina, mwaka wa masomo, chumba, aina ya tatizo. Haiulizi umeanza kuugua lini, wala kama unatumia dawa. Mstari wa saba unauliza: *unamshuku nani?* Nimemwandikia katibu barua mbili naye hajajibu, kwa hiyo naiandika hapa mbele ya wote: mstari wa saba ufutwe kabla ya muhula ujao kuanza, na mahali pake pawekwe swali ambalo Yesu alimuuliza yule baba.